Nani Alipaswa Kuwepo? Usalama wa Wakongwe katika Nyumba za Wazee

Mzee anapoumia ndani ya nyumba ya wazee, swali la kwanza la ndugu zake ni hili: nani kamtendea? Hutafutwa kofi, tusi, mkono uliomsukuma. Makofi yapo, na hakuna wa kuyatetea. Lakini ukifuatilia kumbukumbu za wakaguzi, za mahakama na za watafiti, utaona kuwa sehemu kubwa ya maumivu ya wakongwe hawa haina mtendaji. Kuna bibi aliyelalia ubavu mmoja kutwa kwa kuwa hakuna aliyekuja kumgeuza. Kuna babu aliyebonyeza kengele, hakuitikiwa, akainuka peke yake kwenda msalani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kuna aliyekaukiwa maji mwilini huku glasi iko mezani, mahali ambapo mkono wake haufiki. Hapo swali linalofaa ni jingine: nani alipaswa kuwepo, na kwa nini hakuwepo?

Makala hii inalifuata swali hilo kupitia Marekani, kwa sababu mbili. Nchi hiyo ina nyumba za kuuguza wazee zipatazo 15,000, zenye wakazi zaidi ya milioni 1.2, na imeandika mengi juu ya makosa yake. Pia, wanaowaogesha na kuwalisha wakazi hao ni pamoja na Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wengi walioanza maisha ya ughaibuni kwa cheti cha msaidizi wa muuguzi. Haya ni mambo ya mbali yanayofanyika kwa mikono ya ndugu zetu.

Madhara yasiyo na mtendaji

Mwaka 2014 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu katika Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa ripoti juu ya wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee, waliopelekwa kwenye nyumba hizi kuuguzwa baada ya kutoka hospitali. Mmoja kati ya kila watatu alidhurika kutokana na huduma yenyewe. Madaktari waliopitia mafaili walikadiria kuwa asilimia 59 ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Walipoeleza chanzo, walitaja matibabu duni, uangalizi hafifu, na huduma iliyochelewa au ambayo haikutolewa kabisa. Mawili kati ya hayo matatu ni habari ya mtu kukosekana.

Kidonda cha kulala ndicho ushahidi ulio wazi kuliko wote. Asiyeweza kujigeuza huumizwa na uzito wake mwenyewe: ngozi na nyama hubanwa kati ya godoro na mfupa, hasa visiginoni, nyongani na mwishoni mwa uti wa mgongo. Damu haipiti, na nyama huanza kufa. Kinga yake haina siri. Wauguzi wamezoea kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, kumkausha mara anapojikojolea, kumpa chakula chenye protini na kumkagua ngozi kila siku. Dalili ya kwanza kwenye ngozi nyeupe ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Panatakiwa jicho lililofundishwa na mkono wa kupapasa ili kuhisi joto au ugumu, na kwa hiyo kwa wakazi weusi kidonda mara nyingi hugunduliwa kimeshakomaa. Kikiachwa huchimba hadi mfupani, na vijidudu vikiingia kwenye damu huua. Hakuna aliyempiga mzee huyo. Kila zamu ilipita ikidhani zamu iliyotangulia ilimgeuza.

Kuanguka, kukabwa na chakula, kukaukiwa maji, kutoka nje usiku na kupotea kwa mwenye ugonjwa wa kusahau: yote hupita njia hiyohiyo. Hata dawa hutumika kuziba pengo la mtu. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayepiga kelele, anayekataa kuoga au anayehangaika jua linapotua anahitaji mtu wa kukaa naye na kutafuta kinachomsumbua: maumivu, kiu, choo kilichokataa, hofu. Kazi hiyo huchukua muda, na kidonge huchukua dakika moja. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa za kutibu maradhi makali ya akili ziwekwe onyo kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Hata hivyo mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa kila wiki wakazi zaidi ya 179,000 walikuwa wakipewa dawa hizo bila kuwa na maradhi ambayo zimeidhinishwa kuyatibu. Sheria ya mwaka 1987 ilikataza kumfunga mzee kwa mikanda, au kumlegeza kwa dawa, ili kuwarahisishia kazi wahudumu. Mikanda ilipungua sana. Vidonge vilibaki.

Hesabu ya mikono

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Haulei mzee pia, na jambo hili linahesabika. Msaidizi wa muuguzi aliyepewa wazee 15 kwa zamu ya saa nane ana dakika 480, yaani dakika 32 kwa kila mzee. Humo aweke kuamsha, kuogesha, kupiga mswaki, kuvalisha, kupeleka msalani au kubadilisha nepi mara kadhaa, kulisha polepole mtu asije akakabwa, kugeuza, na kujaza kumbukumbu kwenye kompyuta. Kumnyanyua mzee mzito kwa mashine kunataka watu wawili, kwa hiyo dakika za mwenzake nazo hukatwa. Mwenzake asipotokea kazini, wazee 15 huwa 30. Ikifika hapo, hata msaidizi mwadilifu kuliko wote analazimika kuamua ni mzee yupi atakayekosa.

Wataalamu wameijua hesabu hii muda mrefu. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kuwa mkazi wa muda mrefu akipata chini ya saa 4.1 za uuguzi kwa siku, ubora wa huduma yake hushuka. Lakini sheria ya 1987 ilitaka tu wahudumu wa kutosha, pamoja na muuguzi aliyesajiliwa kwa saa nane kwa siku. Kwa kuwa namba haikuwekwa, kila mwenye nyumba alijipimia mwenyewe. Aprili 2024 serikali ya Rais Joe Biden iliweka namba kwa nchi nzima: saa 3.48 kwa kila mkazi kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa saa zote 24. Kiwango hicho kilikuwa chini ya kile cha watafiti, na bado wamiliki walikwenda mahakamani wakisema wauguzi wa kuajiri hawapo, hasa vijijini. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas aliyafuta masharti hayo, na Julai mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuzuia utekelezaji wake hadi 2034.

Dai la wamiliki lisipuuzwe. Kuna vijiji ambako muuguzi hapatikani kirahisi, na nyumba ya huko ikifungwa mzee huhamishiwa mbali na watoto wake. Lakini watu wa kazi hii huingia na kutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia kumbukumbu za malipo ya wafanyakazi, uliona kuwa kwa wastani wauguzi na wasaidizi wa nyumba moja hubadilika kwa asilimia 128 kwa mwaka: ni zaidi ya kuondoa kikosi kizima na kuajiri kingine ndani ya miezi 12. Kazi inavunja mgongo, na malipo hayatofautiani sana na ya kupanga mizigo ghalani. Wahamiaji wengi huunganisha zamu mbili ili walipe kodi ya nyumba na watume pesa kwao, na saa ya 15 ya kazi si saa ya kumnyanyua mtu salama. Mhudumu anapoondoka, huondoka na ujuzi usioandikwa popote: kwamba bibi huyu hanywi maji mpaka umshikie kikombe, kwamba babu yule akinyamaza ana maumivu. Anayekuja huanza upya kujifunza, na muda wote huo mzee ndiye anayelipa.

Australia ilichagua njia nyingine. Baada ya kashfa ya Oakden, nyumba ya wazee iliyofungwa mwaka 2017 huko Australia Kusini, iliundwa Tume ya Kifalme mwaka 2018. Ripoti yake ya mwisho, ya mwaka 2021, ilitoa mapendekezo 148. Tangu Julai 2023 nyumba za huko zinatakiwa kuwa na muuguzi aliyesajiliwa saa 24, na tangu Oktoba 2024 zitoe wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, 44 kati yake zikiwa za muuguzi aliyesajiliwa. Si nyumba zote zinazofikia hapo. Lakini inayopungukiwa sasa inajulikana imepungukiwa dakika ngapi, na mwananchi anaweza kuuliza kwa nini.

Pesa hupita mlango gani

Karibu nyumba saba kati ya kumi za Marekani ni za biashara. Wakazi zaidi ya asilimia 60 hulipiwa na Medicaid, mpango wa serikali kwa wasio na uwezo, kwa sababu gharama za miaka michache humaliza akiba ya maisha yote. Wamiliki husema Medicaid hulipa kidogo mno, na katika majimbo mengi malalamiko hayo yana msingi. Shida ni kwamba mlipa kodi hawezi kujua pesa hiyo imepungua kiasi gani. Nyumba moja huweza kugawanywa katika kampuni kadhaa: ya kwanza inamiliki jengo, ya pili inaendesha huduma, ya tatu inasimamia, ya nne inauza dawa na mazoezi ya viungo, na zote ni za watu walewale. Nyumba hulipa pango na ada za usimamizi kwa kampuni hizo dada, kisha vitabu vyake vinaonyesha hasara. Wanauchumi Ashvin Gandhi na Andrew Olenski walipochambua hesabu za nyumba za jimbo la Illinois, waliona kuwa zaidi ya asilimia 60 ya faida ilifichwa kwa malipo ya namna hii, yaliyopandishwa kuliko bei ya soko.

Mifuko ya uwekezaji binafsi, ambayo hununua kampuni kwa mikopo na kutarajia kuiuza kwa faida baada ya miaka michache, nayo iliingia. Atul Gupta na wenzake walizilinganisha nyumba zilizonunuliwa na mifuko hiyo na nyinginezo. Kwa wagonjwa wa Medicare wa muda mfupi, hatari ya kufa ilipanda kwa takriban asilimia 10, saa za wahudumu zilipungua, na matumizi ya dawa za akili yaliongezeka. Mwenye deni anayetafuta pa kupunguza gharama hulikuta fungu kubwa kuliko yote mbele yake: mishahara ya wanaomgeuza mzee.

Zipo nyumba za biashara zinazotunza vizuri, na zipo za umma zilizooza. Oakden yenyewe ilikuwa ya serikali. Aina ya mmiliki haimlindi mzee peke yake. Kinachomlinda ni kujulikana kwa pesa iliyoingia, iliyofika kwa wahudumu, na iliyotoka kwenda kwingine.

Jicho la nje

Nyumba za Marekani hukaguliwa kwa wastani mara moja kwa mwaka, na ukaguzi haupaswi kupita miezi 15. Wakaguzi huja bila taarifa, lakini mwenye nyumba anayehesabu miezi hujua wakati umekaribia. Tangu 2016 nyumba zinatakiwa kupeleka serikalini kumbukumbu za malipo zinazoonyesha nani alikuwa kazini kila siku. Kabla ya hapo zilijitangazia zenyewe. Watafiti walipozisoma kumbukumbu hizo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa wahudumu hupungua sana mwisho wa wiki, na huongezeka wakati wa ukaguzi kisha hushuka wakaguzi wakishaondoka. Hata dhuluma iliyo wazi hupotelea njiani. Mwaka 2017 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ilifuatilia visa 134 vya wakazi waliofikishwa hospitalini wakiwa na dalili za kudhulumiwa au kutelekezwa, ikakuta zaidi ya robo havina ushahidi wa kuripotiwa polisi.

Kukosekana kwa mtu kuna sura nyingine: watu wapo, lakini hapana anayeamua. Septemba 2017 kimbunga Irma kiliikatia umeme mitambo ya ubaridi ya nyumba moja ya wazee mjini Hollywood, Florida. Taa ziliwaka, ila joto lilipanda siku baada ya siku. Simu zilipigwa kwa kampuni ya umeme na kwa maofisa, fundi akasubiriwa. Upande wa pili wa barabara palikuwa na hospitali yenye umeme. Wazee walipohamishwa Septemba 13, baadhi yao miili yao ilikuwa imepita nyuzi 41 za Selsiasi. Waliokufa walihesabiwa 12. Nyumba ilinyang'anywa leseni, na Florida ikazilazimisha nyumba za wazee kuwa na jenereta za kuendesha ubaridi. Wauguzi watatu na msimamizi walishtakiwa. Mashtaka ya wauguzi yakafutwa, na mwaka 2023 jaji akamwachia msimamizi.

Miaka miwili na nusu baada ya kimbunga, janga la UVIKO-19 lilionyesha thamani ya ndugu anayetembelea. Machi 2020 milango ilifungwa kwa wageni kwa nia ya kuzuia ugonjwa. Hadi mwanzoni mwa 2022, wakazi na wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa nyumba za muda mrefu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo Marekani. Wengine walidhoofika kwa kukosa binti aliyekuja kila mchana kulisha, mume aliyekagua visigino, mjukuu aliyeuliza muuguzi mbona bibi amesinzia hivi. Watu hao walikuwa wakijazia upungufu wa wahudumu bila malipo na bila kuandikwa, na walipozuiwa, pengo walilokuwa wakilifunika likaonekana.

Pengo la mwisho ni kifo chenyewe. Huko Dallas, Billy Chemirmir, mzaliwa wa Kenya, alihukumiwa mara mbili mwaka 2022 kwa kuua, baada ya kushtakiwa kwa vifo vya watu 22, wengi wao bibi waliokuwa wakiishi katika majengo ya makazi ya wazee. Hayo yalikuwa makazi ya watu wanaojitegemea, si nyumba za kuuguza, lakini fundisho ni moja. Vifo vingi kati ya hivyo vilikuwa vimeandikwa kuwa vya kawaida, ingawa familia zilieleza kuwa vito vya marehemu vimetoweka. Umri ulitosha kuwa maelezo. Jamii inayopokea kifo cha mwenye miaka 85 bila swali humpa kinga kila mwenye kosa, awe muuaji au nyumba iliyoacha kidonda kikafika mfupani.

Na huku kwetu

Husemwa kwamba haya ni ya Wazungu, sisi huwalea wazee wetu wenyewe. Wengi kweli hulea, tena bila msaada. Lakini Zanzibar ina nyumba za Sebleni na Welezo. Tanzania Bara ina makazi ya serikali kama Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga na Bukumbi ya Mwanza. Kenya ina nyumba za madhehebu ya dini, na za kulipia zinafunguliwa Nairobi. Mwaka 2022 BBC ilirusha picha zilizochukuliwa kwa siri katika nyumba ya wazee ya Thogoto, Kikuyu, zikionyesha wazee wakitendewa vibaya. Na bibi aliyeachwa nyumbani na msichana wa kazi mmoja, watoto wakiwa Dubai, Toronto au Dar es Salaam, yumo katika hesabu ileile: mikono miwili kwa saa 24.

Misingi ya kisheria tunayo. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila dhuluma na kupata matunzo ya familia na dola. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Zanzibar ilitunga sheria ya wazee mwaka 2020. Kinachotakiwa ni masharti yanayopimika. Usajili wa kila nyumba utaje wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, mchana, usiku na Jumapili. Wakaguzi waje pia usiku, na matokeo yabandikwe langoni kwa Kiswahili. Kila kidonda cha kulala na kila kifo kiandikwe na kuchunguzwa na mtu asiyeajiriwa na nyumba. Mzee asiye na ndugu, ambaye ndiye aliyejaa katika makazi yetu ya umma, apewe mtetezi anayemtembelea kwa zamu maalumu, kwa kuwa asiye na mgeni ndiye wa kwanza kusahauliwa. Marekani ina watetezi wa namna hiyo katika kila jimbo.

Anayetafutia mzazi nyumba, hapa au ughaibuni, asiridhike na ukumbi na bustani. Aende Jumapili jioni. Ahesabu wahudumu. Aulize wangapi kati yao wamefanya kazi hapo zaidi ya mwaka, na nani atakuwepo saa nane za usiku. Amwombe mzee avue soksi, atazame visigino. Na ndugu zetu wanaofanya kazi hiyo, wanaoona mapema kuliko wote zamu inapopungua watu, walindwe na sheria wanaposema, maana hofu ya kupoteza kazi au kibali cha kuishi huziba midomo mingi.

Jengo la wazee huzinduliwa mara moja, kwa utepe na hotuba. Mshahara wa anayekesha usiku na wazee hulipwa kila mwezi, miaka yote, na hauna sherehe. Serikali, kanisa, msikiti au mwekezaji asiyeweza kuonyesha atakavyoulipa mshahara huo asipewe kibali cha kujenga.